Kulenga Si Kufuma: Usahihi wa Bunduki ya Kuwindia Uko Wapi Hasa?

Kila Julai, msimu wa uwindaji unapofunguliwa Tanzania, kuna picha ambayo lazima izunguke kwenye simu za watu wa porini. Ni karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyobanana, sarafu imewekwa pembeni ili uone udogo wake, na mwenye bunduki ameandika chini: "Mita 100. Chuma hii haikosi." Mabishano yanaanzia hapo. Huyu atasema siri ni mtutu mrefu. Yule atasema ni mkono wa Mjerumani. Mwingine atataja bei ya darubini kana kwamba ni yeye aliyeilipia. Mwishoni atatokea mkorofi mmoja aulize: kama haikosi, mbona mwaka jana mlimfuata kongoni mwenye jeraha mpaka jua likazama?

Mkorofi huyo ndiye pekee aliyegusa penyewe. Neno "usahihi" tumelibebesha mizigo mitatu kwa mpigo: uwezo wa bunduki, marekebisho ya darubini, na mkono wa anayefyatua. Wahenga walikwishatenganisha mambo haya tangu enzi za mishale waliposema kulenga si kufuma. Ngoja tufungue mzigo mmoja mmoja. (Ndugu zangu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, haya yatawafaa kwenye uwanja wa shabaha, kanuni ni zile zile.)

Komeo na pia

Kwanza majina, maana nusu ya ubishi ni watu kuita vitu viwili jina moja. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, baruti iliyomo ndani, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, gesi husukuma kichwa. Ganda hubaki.

Gobore la babu lina mtutu laini kwa ndani, kama bomba la maji. Raifali ina mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu kwa msokoto, na mifuo hiyo hukizungusha kichwa cha risasi kinapopita. Faida yake anaijua kila aliyecheza pia utotoni. Pia isiyozunguka huanguka. Inayozunguka kwa kasi husimama wima hata ukiipuliza. Kwenye raifali ya .30-06, risasi maarufu ya kuwindia iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, mfuo kwa kawaida hukamilisha mzunguko mmoja kila inchi 10 za mtutu, na kichwa hutoka kwa mwendo wa mita 800 na kitu kwa sekunde. Piga hesabu: kinazunguka zaidi ya mara 3,000 kila sekunde. Ndiyo sababu hakiyumbi.

Halafu bolti. Bolti ni komeo, basi. Tazama komeo la chuma kwenye mlango wa stoo: unainua mkono wake, unavuta, unasukuma, unashusha. Bunduki ya bolti hufanya vivyo hivyo. Ukiinua mkono, masikio ya chuma yaliyofunga nyuma ya risasi yanaachia. Ukivuta, kucha ya bolti inalitoa ganda tupu na kulitupa nje. Ukisukuma, bolti inachukua risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba, yaani chumba kilicho nyuma ya mtutu. Ukishusha mkono, mlango umefungwa. Mjerumani Paul Mauser aliufikisha muundo huu mahali pake mwaka 1898, na raifali nyingi za kuwindia zilizotengenezwa baadaye ama zimemwiga ama zimejaribu kumpunguzia gharama.

Kwa nini komeo hili lina sifa ya usahihi? Kwa sababu linafunga pale pale kila mara, na wakati risasi inalipuka hakuna kitu kingine kinachotembea ndani ya bunduki. Lakini komeo peke yake halifanyi miujiza. Nimeziona bunduki za bolti zinazotawanya risasi kama mtu anayerushia kuku mtama.

Saa mbili mbovu

Chukua saa mbili za ukutani. Ya kwanza inatangulia dakika kumi, leo, kesho na mtondo. Ya pili leo inatangulia dakika tatu, kesho inachelewa tano, keshokutwa iko sawa. Ipi mbovu zaidi? Ya kwanza unairudisha nyuma mara moja, yamekwisha. Ya pili, hata ukiirekebisha kila asubuhi, itakudanganya kufikia mchana.

Bunduki ni hivyo hivyo. Matundu matano yaliyokusanyika pamoja lakini yako shubiri moja kulia kwa katikati ya shabaha ni saa ya kwanza: bunduki ni nzima, darubini ndiyo haijapatana na mtutu. Unazungusha vitufe vyake. Kwenye darubini nyingi kila "tik" moja husogeza pigo kama milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Matundu matano yaliyotapakaa pande zote, hata kama moja limeangukia katikati kabisa, ni saa ya pili. Mtu akikuonyesha hilo moja la katikati, mpongeze kwa bahati.

Na hapa ndipo ile picha ya sarafu inapopungukiwa. Matundu matatu ni machache mno. Rusha shilingi mara tatu. Mara moja kati ya nane itaanguka kichwa mara zote tatu, na hakuna atakayesema shilingi hiyo haijui mwenge. Bunduki ya kawaida kabisa, ikipewa majaribio ya kutosha, itakutolea kundi moja la kupendeza. Hilo ndilo linapigwa picha. Mengine yanabaki kwenye ndoo ya takataka uwanjani. Mtu akitaka kujua ukweli wa bunduki yake apige risasi kumi, tena si kwa pupa: mtutu ukishika moto mapigo huanza kutembea. Kwa mwindaji hasa, risasi yenye maana kuliko zote ni ya kwanza, ya mtutu baridi, kwa sababu porini mnyama hakupi ya kupashia moto. Na kama mtutu umetoka kabatini ukiwa na mafuta ndani, risasi hiyo ya kwanza mara nyingi hupotoka. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kutoka.

Vidole viwili kwa mita 100

Wauzaji hupenda kutaja "dakika moja", na mteja hudhani ni habari ya muda. Si muda, ni pembe. Duara lina nyuzi 360, kila nyuzi imegawanywa dakika 60. Dakika moja ya pembe ni upenyo mwembamba sana, lakini unapanuka kadiri unavyokwenda mbali: kwa mita 100 ni sentimita 2.9, karibu upana wa vidole viwili; kwa mita 200 ni 5.8, kwa mita 300 ni 8.7. Bunduki "ya dakika moja" ni ile inayokusanya mapigo yake ndani ya upana huo.

Je, unahitaji hiyo? Moyo na mapafu ya swala pala, ukimtazama ubavuni, vinakaa kwenye eneo la ukubwa wa kisosi, kama sentimita 15. Nyati ana nafasi kubwa zaidi. Bunduki ya dakika mbili, ambayo vijana wa siku hizi wanaidharau, kwa mita 150 hukusanya ndani ya sentimita 9. Kisosi kinabaki na nafasi. Sasa mwambie mwenye bunduki hiyo asimame wima, bila egemeo, pumzi juu juu baada ya kutembea kilomita sita, apige risasi tano kwa mita 100. Wengi wetu tutazidi sentimita 20, na hapo ninatupendelea. Kwa hiyo anayelipa mamilioni kuihamisha bunduki kutoka dakika mbili hadi moja, huku mwenyewe anatawanya dakika saba, amenunua viatu vya mbio ili akae kitini.

Dawa ya bei rahisi ni miti mitatu. Watu wa safari wanaijua: miti mitatu mirefu, imefungwa karibu na ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, inafunguliwa kama miguu ya kigoda, na bunduki inalazwa kwenye njia panda ya juu. Linalolazwa hapo ni kitako cha mbele, ile mbao chini ya mtutu, kamwe si mtutu wenyewe. Mtutu ukiegemezwa kwenye kitu kigumu huruka nacho, na pigo huenda juu ya ulikolenga.

Mlango wa masika

Mtu aliyeishi Tanga au Dar anajua mlango wa mbao unaokwama wakati wa masika. Mbao imekunywa unyevu, imevimba, inasugua fremu. Kitako cha bunduki nacho ni mbao. Kikivimba na kuusukuma mtutu upande mmoja, bunduki uliyoiacha imenyooka kiangazi unaikuta imehamia kwingine bila mtu kuigusa. Ndiyo maana mafundi huacha upenyo kati ya mtutu na mbao, mtutu ubaki unaelea, na ndiyo maana vitako vya plastiki na nyuzi vimependwa japo havina uzuri wowote machoni. Jaribio lake halina gharama: chukua noti, ikunje upande mmoja wa mtutu na mwingine kama unayesugua kiatu, uivute kurudi nyuma kwenye upenyo huo. Kwenye bunduki yenye mtutu unaoelea, ikinasa mahali, hapo ndipo panaposugua. Bunduki nyingine, hasa za zamani, zimetengenezwa makusudi zikiwa na mguso karibu na ncha ya kitako. Usikimbilie msasa kabla ya kumwona fundi.

Lakini kabla ya mbao, kabla ya mtutu, tazama skrubu. Ukikaa siku mbili nyuma ya Land Cruiser kwenye barabara ya makorongo, mifupa yako itakueleza kilichozipata skrubu za darubini. Bunduki "iliyoharibika" mara nyingi ni skrubu nne zilizolegea na mtu aliyeona aibu kuuliza. Anayefika kambini halafu akakataa kupiga risasi mbili za kuhakikisha, kwa kisingizio kwamba alishapiga nyumbani, mimi nisingependa kumfuata porini.

Mtutu mrefu, je? Mrefu huipa baruti muda zaidi wa kusukuma, kwa hiyo risasi inatoka na kasi kubwa zaidi. Usahihi ni habari nyingine. Mtutu hutetemeka risasi inapopita, na kipande kifupi kinene hutetemeka kidogo kuliko kirefu chembamba, kama fimbo na henzirani.

Risasi haipandi

Hili limekaa vichwani mwa watu hadi wa mafunzo: kwamba risasi ikitoka huinuka kwanza, halafu inashuka. Haiinuki yenyewe. Tangu inapoacha mdomo wa mtutu inaanza kuanguka, sawasawa na embe lililoachia tawi. Kinachotudanganya ni kwamba mtutu umeelekezwa juu kidogo kulinganisha na mstari wa macho. Darubini imekaa kama sentimita nne juu ya mtutu, na vyote viwili vimeinamishiana ili njia zao zikutane mbele. Ni kama kumwagilia mchicha wa mbali kwa mpira wa maji: huelekezi mpira kwenye mchicha, unauinua, maji yapande kwa sababu wewe umeyaelekeza juu, yashuke kwa uzito wake.

Kwa .30-06 yenye kichwa cha uzito wa kawaida, gramu 11.7, ukiisawazisha ipige katikati kwa mita 100, kwa mita 200 itakuwa imeshuka kama sentimita 12, na kwa mita 300 karibu nusu mita. Nusu mita kwa swala pala ni chini ya tumbo, ni vumbi. Wawindaji wengi husawazisha bunduki ipige sentimita tano juu kwa mita 100; hapo kwa mita 200 inakuwa imerudi karibu kabisa na mstari, na katikati ya hapo mtu analenga moja kwa moja bila hesabu. Zaidi ya hapo, ushauri wangu ni mmoja: sogea karibu. Kunyatia ndiyo nusu ya kazi hii.

Mzee na risasi bandia

Niliwahi kukaa uwanja wa shabaha siku nzima nikimtazama mzee mmoja, mwindaji bingwa mstaafu, na kijana aliyemletea bunduki kubwa ya .375 kwa malalamiko.

"Shikamoo, mzee. Hii bunduki imeharibika."

"Marahaba. Inapiga wapi?"

"Chini. Kila mara chini."

Mzee hakusema kitu. Aliichukua, akakaza vidole kwenye skrubu moja baada ya nyingine, akalala nyuma ya gunia la mchanga, akapiga mbili. Zote katikati, zimepishana upana wa kidole. Kisha akampa mgongo kijana, akajaza bunduki, akafunga bolti na kumrudishia. Kijana akalenga, akavuta kifyatulio. Tik. Hakuna kilicholipuka, mzee alikuwa ameweka risasi bandia. Lakini sote tuliona: mdomo wa mtutu ulichota chini kama jogoo anayedonoa, macho ya kijana yamefumba, bega limejisukuma mbele kulipokea teke ambalo halikuja.

"Bunduki imepigaje hapo?" mzee akauliza.

Kijana akacheka kwa haya.

Huko ndiko kushtuka, na ndiko kunakopoteza wanyama wengi kuliko mitutu yote mibovu. Mwili unajua kishindo kinakuja, unajikinga sehemu ndogo ya sekunde kabla ya wakati. Mwenyewe hahisi chochote, kwa sababu bunduki ikilipuka kweli kishindo kinafunika ule mdonoo. Kijana alirudishwa kwenye bunduki ndogo ya .22, vizuia sauti masikioni, akiambiwa akibonyeze kifyatulio polepole kama anayekamua ndimu, mlio umkute hana habari. Kilichomtisha, kwa kauli ya mzee, kilikuwa mlio zaidi ya teke.

Ndiyo maana siuamini usemi kwamba bunduki kubwa inasamehe kosa. Bunduki kubwa huzaa kosa, kwa mtu asiyeizoea. Wanaopinga hupenda kumtaja Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa ajili ya Karamoja ya Uganda, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alipasua vichwa vya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alikuwa na damu baridi ambayo haiuzwi dukani. Kwa sisi wengine sheria imeamua: Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, kima cha chini kwa wanyama hatari kama nyati na tembo ni .375, yaani kipenyo cha milimita 9.5. Risasi iliyoipa namba hiyo umaarufu ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na bado wengi wanaitegemea. Lililo la haki ni kwamba mtu afikie kima hicho akiwa amekwisha kuacha kudonoa.

Mkono kwenye komeo

Kuna kosa la bolti ambalo uwanjani ni kichekesho na mbele ya nyati si kichekesho. Mtu amepiga, mnyama anageuka, moyo unamwenda mbio. Anavuta bolti nusu, anarudisha haraka. Ganda tupu limetoka, lakini bolti haikufika nyuma ya kutosha kuipata risasi inayofuata. Anafunga komeo juu ya chemba tupu, analenga, anavuta. Tik. Nyati hajui kwamba ni zamu yako tena.

Vuta bolti mpaka igonge mwisho, kwa nguvu, kila mara, hata ukiwa mazoezini na hakuna haraka. Na bunduki ibaki begani. Anayeishusha kiunoni ili atazame anachofanya atapoteza mnyama kwenye darubini na kuanza upya kumtafuta. Wengine hufanya mazoezi haya nyumbani kwa risasi bandia, baada ya kuhakikisha zile halisi ziko chumba kingine.

Kuhusu sefti, yaani kizuizi cha kifyatulio, wapo wanaoamini kwamba ikishawekwa bunduki imekufa. Sefti ni kipande cha chuma chenye springi, nacho huchakaa, huingia mchanga, husukumwa na kichaka. Kinachomlinda anayetembea mbele yako ni mwelekeo wa mdomo wa mtutu na kidole kilichokaa nje ya kifyatulio. Risasi ya .30-06 ikikosa huruka zaidi ya kilomita tatu, kwa hiyo mnyama aliyesimama juu ya kilima na anga tupu nyuma yake hapigwi, hata awe na pembe za ndoto. Na kwenye kundi la nyati tazama aliye nyuma ya unayemlenga, maana kichwa kigumu cha risasi humpita mmoja kikamfikia mwingine.

Ajali nyingine huanzia kwenye tope. Mtu kateleza mtoni, mdomo wa mtutu ukachota udongo, akapiga bila kutazama, mtutu hupasuka. Wazoefu huziba mdomo kwa kipande cha plasta ya umeme. Hakiharibu shabaha hata kidogo, kwa sababu hewa iliyo mbele ya risasi hukisukuma kando kabla risasi yenyewe haijafika.

Jioni ile uwanjani, kijana alichomoa magazini, akaiweka mezani, akasema, "Iko tupu, mzee." Mzee akaivuta bolti mpaka mwisho. Risasi moja nzima, ya shaba inayong'aa, ikaruka kutoka chemba na kubingirika chini ya meza. Hakugomba. Alichungulia ndani, kisha akaingiza kidole chake kidogo kwenye chemba, akakizungusha, akakitoa, ndipo akampa kijana aiweke kwenye mkoba.